Siku Fagio Litakapojifagia

Ba wangu,

Jana wamenivika shali. Ya hariri nyeupe, yenye ukingo wa dhahabu, nzito kama blanketi la hospitali. Nilitoka jasho ndani yake, lakini shingo niliinyoosha kama ulivyonifundisha: mtu akikupa heshima usiipokee umeinama, atadhani umeiokota. Tangu jana alasiri mwanao ni mkuu wa Chuo cha Jumuiya, hapa Rayners Lane, London. Ndiyo, kilekile. Chuo ulikofukuzwa.

Barua hii nitaibandika kwenye ubao wa matangazo pale chini mlangoni, ambapo kila anayeingia lazima apite. Anayetaka asome, asiyetaka apande ngazi. Najua kuna watakaouliza kwa nini mkuu wa chuo cha Wagujarati anamwandikia mama yake kwa Kiswahili. Jibu ni rahisi. Kigujarati ulikisema siku zote lakini hukujua kukisoma, maana shule hukupelekwa. Kusoma ulijifunza mwenyewe Mombasa, dukani kwetu Mwembe Tayari, kwa magazeti ya Kiswahili ambayo Baba alikuwa akifungia sukari. Uliwahi kuniambia kuna kesi ya mwizi wa baiskeli ambayo hukupata kujua iliishaje, kwa sababu ukurasa wa pili uliondoka na sukari ya mteja. Sasa nikuandikie kwa lugha ipi nyingine?

Na wengine huwaita mama zao mama. Sisi tulisema Ba, na hilo pia silibadilishi.

Nianze na fagio, maana yote yalianza na fagio.

Unakumbuka mwaka ule wa pasipoti, Wahindi wa Mombasa wamejaa foleni tangu alfajiri, kila mmoja ana habari yake aliyoisikia kwa binamu yake kwamba mlango wa Uingereza utafungwa kesho. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watu walifungasha dhahabu, picha za harusi, cherehani. Wewe uliweka ndani ya sanduku fagio la chelewa, zile njiti za ukuti wa mnazi, tena jipya, umelifunga kwa kamba mbili. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwani huko London hawana mafagio?"

"Wanayo yao," ukasema. "Mimi nina langu."

Uwanja wa ndege afisa wa forodha alilitoa sandukuni, akaligeuza, akalinusa. Akauliza swali. Kiingereza hukukijua, ila swali la namna ile halihitaji mkalimani. "Fagio," ukamjibu. Akauliza tena. "Fagio," ukasema kwa sauti zaidi, kama vile kiziwi ni yeye. Akanigeukia mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye soksi zilizoteremka. Neno la Kiingereza nililijua, Ba. Nililisoma shule. Lakini nilikutazama ulivyosimama, nikaona aibu kukusaliti, nikasema: "Fagio." Akaturuhusu tupite. Nadhani alidhani ni kitu cha ibada, na kwa kweli hakukosea sana.

Kisha Tottenham. Chumba kimoja chenye ukungu ukutani, halafu ile fleti ya kaunsili, yaani ya manispaa, ghorofa ya nne, na kazi yako ya kusafisha wodi hospitalini, ambako ulikutana na Bi Zuhura. Kwa wasiomjua: Bi Zuhura ni Mpemba, alikuja London na watoto wawili na mkoba mmoja, na mpaka leo anatembea kama mtu mwenye haki ya barabara nzima. Siku yenu ya kwanza kazini alikusikia ukiuliza fagio liko wapi. Akasimama na ndoo yake mkononi.

"Ati nini?"

"Fagio."

"Ufagio, shoga. *U*-fagio. Nyie Wahindi mmelichukua neno letu mkalikata kichwa!"

"Fagio," ukasema.

"Ufagio."

"Fagio."

Mkaanza kucheka pale pale katikati ya wodi, na mkaendelea kugombana hivyo hivyo miaka yote mliyojuana, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Jambo moja tu hamkuligombania: jua likishazama, hakufagiwi. Wewe ulisema unamfukuza Lakshmi, mungu wa mali. Yeye alisema unafagia riziki nje. Mlikuwa na dini mbili na katazo moja, na msimamizi wenu Mwingereza alishindwa kuelewa kwa nini wanawake hawa wawili wanafagia mbio mbio saa tisa na kisha wanashika matambara.

Na ilikuwa hivyo hivyo chuoni. Wakati huo Chuo cha Jumuiya kilikuwa vyumba viwili juu ya maduka karibu na stesheni, na mabenchi ya kuazima. Watu wetu walitaka watoto wasisahau lugha, na mimi wakanipokea kwa makubaliano kwamba wewe utafagia ukumbi. Kila Jumamosi tulitoka Tottenham kwa treni, tukabadilisha Finsbury Park, mimi na daftari, wewe na vitambaa vyako vya kufutia. Desemba ilipofika, darasa likawa linakwisha jua limekwisha kuzama. Ukagoma kufagia. Ukarudi Jumapili asubuhi, safari nzima tena, ukafagia mchana kweupe. Mwenyekiti wa chuo akalalamika kwamba ukumbi unalala mchafu.

"Mwambie aniletee jua," uliniambia, "nitafagia."

Nakumbuka nilicheka, na nilidhani ubishi wako ni mchezo. Sikujua bado.

Mwalimu wetu tulimwita Masterji. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka India, mtu msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja nyeusi na moja nyekundu. Sisi wanafunzi tulikuwa thelathini, na wote tulikuwa wa kule: Mombasa, Kisumu, Dodoma, Kampala, Jinja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili alipotupa mtihani. Swali moja lilisema: andika majina ya vitu kumi vya nyumbani. Niliandika kwa herufi za Kigujarati nilizojivunia, zilizonyooka, hakuna hata moja iliyolala. Na kati ya vile vitu kumi vilikuwamo fagio, sufuria, kisu, bakuli na gunia.

Ba, sikuwa ninafanya ujeuri. Nilidhani ni Kigujarati! Ndicho tulichosema nyumbani, na Kigujarati ndicho tulichosema nyumbani, hesabu si ndiyo hiyo? Tena fagio nilikuwa na uhakika nalo kabisa, kwa sababu Bi Zuhura alinihakikishia kila siku kwamba si Kiswahili.

Masterji aliweka misalaba mitano myekundu. Halafu akaisoma karatasi yangu mbele ya darasa, neno kwa neno, akisimama kila penye msalaba. Akasema fagio kwa lugha ya watu huitwa *savarni*. Sikuwahi kulisikia neno hilo maisha yangu yote. Akasema haya ni maneno ya jikoni. Akasema sisi watoto wa Afrika tumeletwa huku na lugha iliyochafuliwa na watumishi, na kazi yake ni kutusafisha.

Nilikusimulia kwenye treni, nikilia. Tukafika Finsbury Park. Pale, tukisubiri treni nyingine, ulifunga kifungo cha juu cha koti langu ukasema: "Jumamosi ijayo tutatoka mapema."

Jumamosi hiyo ulipanda treni na fagio mkononi. Hukulifunga wala hukulificha, ulilishika wima kama mlinzi anavyoshika rungu. Bibi mmoja wa Kizungu alivuta sketi yake pembeni. Nilitamani treni initupe popote. Leo ningetoa chochote niketi tena pale pembeni yako, na safari hii ningelishika mimi.

Uliingia darasani bila kubisha hodi. Sari ya kijani, juu yake sweta lako la kahawia, juu ya sweta koti. Masterji akageuka na chaki mkononi. Hukumtazama. Ulinyanyua fagio juu, ukawauliza watoto kwa Kigujarati:

"Hiki ni nini?"

"Fagio!"

Sauti thelathini. Vioo vililia. Wa Jinja, wa Kisumu, wa Dodoma, kila mtoto aliyewahi kucheza sakafuni huku mama yake akifagia. Na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Jayant, wa benchi la mbele, mwenye masikio makubwa, ambaye familia yake ilitoka Jinja na alipenda kuonekana anajua majibu. Mkumbuke huyo, nitamrudia.

Ndipo ukamgeukia mwalimu. "Masterji, darasa zima limekosea, au mgeni ni wewe?"

Alikuwa na haki ya kukasirika, nakubali. Hakuna mwalimu anayependa kuulizwa vile mbele ya wanafunzi. Mimi mwenyewe leo ningekasirika. Lakini hasira yake yeye ilifika mbali. Barua ilikuja Tottenham baada ya siku nne, imeandikwa kwa Kigujarati kizuri, imesainiwa na mwenyekiti. Hukuweza kuisoma. Uliketi kitandani ukanipa nikusomee, na mimi sikuacha hata neno moja, ingawa nilitaka. Walisema umemvunjia mwalimu heshima. Walisema umetetea maneno ya jikoni. Walisema ukiandika barua ya kuomba msamaha, wewe utarudi kufagia na mimi nitarudi kusoma, na usipoandika basi.

Ulicheka, Ba. Ulicheka ukajipiga goti. "Mimi nisiyejua hata *a* ya Kigujarati, wameniandikia karatasi nzima kwamba nimekichafua!" Kisha ukaacha kucheka. Ukaniambia nichukue kalamu.

Ile ndiyo barua ya kwanza niliyoandika maishani mwangu, na ilikuwa na mstari mmoja, kwa Kiswahili, jinsi ulivyoitamka:

*Nitaomba msamaha siku fagio litakapojifagia lenyewe.*

Nilitaka kurudi darasani, sitakudanganya. Marafiki zangu wote walikuwa kule. Nilikununia wiki nzima, nikakuambia kwamba ungeweza kuandika samahani tu, neno moja, lingekupunguzia nini? Ukasema: "Mimi nisingepungukiwa. Wewe ndiye ungepungukiwa." Sikuelewa, nikaenda kulala bila kukuaga. Nisamehe kwa hilo. Naona katika ukoo wetu kuna mtu mmoja anayejua kuomba msamaha, na ni mimi.

Basi nikasomea kwingine. Nikawa mwalimu. Miaka yote hiyo ya kusahihisha, Ba, sijawahi kutumia wino mwekundu, ni wa kijani tu; wanafunzi wangu wananiita Miss Green, wakidhani napenda bustani. Wewe ulizeeka, ukastaafu, ukaendelea kubishana na Bi Zuhura kwa simu, na miaka sita iliyopita ukaondoka. Lile fagio ulimwachia yeye. Niliona wivu kidogo.

Chuo nacho kilikua. Kina jengo lake sasa, na wanaosoma uuguzi na uangalizi wa wazee ni Wasomali, Wakongo, Wazanzibari na Wagujarati, wote wanagombea mashine moja ya kahawa. Mkuu wa zamani alipostaafu niliomba kazi. Nilisema ni kwa ajili ya wanafunzi. Wewe ungejua mara moja kwamba nusu ilikuwa ni kwa ajili ya ngazi za chuo kile, nizipande tena mbele ya macho yao. Waliniita, wakanihoji, wakabishana wao kwa wao, wakanichagua. Mwanamke wa kwanza. Nililia ndani ya gari, kwenye maegesho, nikiwa nimefunga vioo.

Wiki moja kabla ya sherehe, katibu wa baraza aliniletea kiapo. Katibu huyo ni Jayantbhai. Ndiyo, Jayant wa masikio; *bhai* ni kaka, kama mimi wanavyoniita *ben*, dada. Kichwa kimekua, masikio sasa yanamkaa vizuri. Kila mkuu mpya husoma kiapo hicho kwa Kigujarati mbele ya jumuiya, na asipokisoma hapewi kiti. Hiyo ni katiba ya chuo. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulisema: *Nitailinda lugha ya wazee wetu isichafuliwe na maneno ya jikoni.*

Nilihisi masikio yangu yanapata moto. Maneno ya jikoni! Nikamuuliza mstari huo uliingizwa lini. Akatazama kiatu chake. Uliingizwa mwaka ule, Ba. Walikufukuza, kisha wakakuandika ndani ya katiba ili kila atakayekuja akukane.

"Nirmalaben, ni sentensi moja tu," Jayantbhai akasema. "It's a formality."

"Kama ni formality, ifute."

"Katiba haifutwi kwa wiki moja. Nielewe. Kuna wazee kwenye baraza hawakukutaka, wanangoja ujikwae. Usipoisoma, kiti anachukua makamu, siku hiyo hiyo. Na tafadhali, mambo ya fagio usiyalete. Watu wamesahau."

"Wewe umesahau? Ulikuwepo."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulipiga kelele kuliko wote."

Alikunywa chai yake yote kwa mkupuo, nayo ilikuwa ya moto.

Mjukuu wako alikuwa na lake la kusema. Unamjua, Kiswahili anakisikia chote na hajibu hata neno kwa hicho. "Mum, just read it. Nobody's even listening." Nikamwambia: "Mimi nasikiliza."

Lakini nikiri jambo, na wapita njia wa ubao wa matangazo walisome pia. Nilikitaka kile kiti. Nilijifungia bafuni nikakifanyia mazoezi kiapo chote, na nilipofika mstari wa nne ulimi wangu ulipita bila kukwama. Ulitoka laini kabisa. Nilijitazama kwenye kioo nikaogopa, maana niliona jinsi mtu anavyoweza kumkana mama yake kwa matamshi mazuri.

Nilimpigia Bi Zuhura. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema: "N'takuja, mwanangu. N'takuja na mama yako."

"Bi Zuhura, Ba alishafariki."

"Wanambia mimi? Nami ndo n'lomkamata mkono? N'takuja naye, basi."

Nikadhani ni uzee.

Sasa nikusimulie jana. Ukumbi ulijaa. Nyuma kulikuwa na meza za sambusa na muhogo wa kukaanga, na harufu ya pilipili na ndimu ilikuwa imeshatangulia kiapo. Ukutani picha za waasisi, wanaume kumi kwenye fremu, akiwemo mwenyekiti wako yule. Mbele, Bi Zuhura na buibui lake na mfuko mkubwa wa dukani mapajani, ametoka Tottenham kwa treni na kukataa kuletwa kwa gari. Wakanivika shali. Kisha pandit, kuhani wetu, akanipa nazi, kwa kuwa desturi ni mkuu mpya aivunje juu ya jiwe kabla ya kuapa.

Ba, ile nazi niliipiga kwa hasira ya miaka mingi. Haikuvunjika, ililipuka. Vipande viliruka mpaka meza ya baraza, maji yakamwagika kwenye viatu vya Jayantbhai, ambaye alikuwa amesimama pale na maikrofoni mkononi akisubiri kunitangaza. Akaruka nyuma. Na mtu akishtuka hachagui lugha. Akapiga kelele, ndani ya maikrofoni, spika zote nne za ukumbi zikaitikia:

"Arre, fagio lavo! Fagio!"

Leteni fagio.

Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe likirudi kutoka ukuta wa nyuma. Kisha bibi mmoja wa Kisumu akaanza kucheka, kicheko chembamba, akaambukiza wenzake wa Kampala, kikaja mbele mstari kwa mstari. Na katikati ya kicheko hicho Bi Zuhura akainuka, akanyoosha kidole:

"Ufagio, baba! *U*-fagio!"

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. "Fagio, Bi Zuhura."

Akanitazama, na macho yake yakajaa machozi. Kwa miaka sita hakuna aliyembishia. Akafungua mfuko wake, akatoa sweta lako la kahawia limekunjwa, akalikunjua, na ndani yake kulikuwa na fagio la chelewa, limechakaa, fupi kama brashi, kamba zote mbili bado zipo. Akanipa kwa mikono miwili.

"Mama yako huyo," akasema.

Nilichungulia dirishani kwanza. Jua lilikuwepo, dogo, la Februari, lakini lilikuwepo. Kwa hiyo nilifagia kwa haki. Nilifagia mbele ya baraza na mbele ya wale kumi wa ukutani, na shali yao nimeifunga kiunoni. Njiti za mnazi zikakusanya vipande vya nazi. Jayantbhai alinijia akinong'ona, "Acha, Nirmalaben, hii si kazi yako."

"Ndiyo kazi yangu," nikamwambia. "Nimeirithi."

Nikasimama pale pale, fagio mkono wa kushoto, karatasi mkono wa kulia, nikaapa. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa wa nne nilisoma *nitailinda lugha ya wazee wetu*, nikainua macho, karatasi nikaiweka mezani. Na nikamalizia kwa Kigujarati changu mwenyewe: *yote, mpaka ya jikoni.*

Mzee mmoja wa baraza akapiga meza. "Sivyo ilivyoandikwa! Kiapo hicho ni batili!" Mwingine akamuunga mkono. Makamu akanyoosha tai yake. Nilijua hapo ndipo kiti changu kinaponing'inia, na fagio sikuliachia, Ba. Wote wakamgeukia katibu, kwa kuwa kitabu cha kumbukumbu kiko kwake, na anachokiandika ndicho kilichotokea.

Jayantbhai alikaa. Alifuta viatu vyake kwa leso, polepole, kimoja, halafu cha pili. Akafungua kitabu, akaandika. Kalamu ikakwama mahali pamoja, akaniuliza bila kuinua kichwa, na maikrofoni ikamsaliti mara ya pili:

"Nazi ilivunjwa, mkuu akafagia kwa... Hapa niandike savarni?"

"Andika ulivyosema."

Akashika kalamu hewani. Niliyaona masikio yake yakiwa mekundu. Kisha akaandika, akakigeuza kitabu ili baraza lione, na mimi nikaona pia, herufi chache za Kigujarati zilizonyooka: fagio. Chini yake alikuwa ameandika: *Kiapo kimepokelewa.* Akasaini. Yule mzee akaendelea kunung'unika mpaka muhogo ulipoletwa, halafu akala.

Usidhani nimewasamehe wote kwa sababu walinipigia makofi. Hasira ninayo, na ninaitunza, itanifaa; wale wazee hawajaondoka na mstari wa nne bado haujafutwa. Nitaufuta, hata ikinichukua mwaka. Lakini leo asubuhi nilifika mapema, jengo tupu, nikatundika karatasi yangu ya mtihani ukutani, pembeni ya picha ya mwenyekiti. Ile uliyoificha chini ya debe la mchele. Nilikuwa nimechukua kalamu ya kijani niifunike misalaba mitano. Nikaghairi. Nimeiacha jinsi ilivyo, watu waone nani alikosea.

Kuanzia mwezi ujao Jumamosi kutakuwa na darasa la Kiswahili, na mwalimu ni Bi Zuhura. Atawafundisha watoto kusema ufagio, hilo halina shaka. Nami nitapita mlangoni kila wiki kumbishia, ili asikae mpweke.

Pumzika, Ba. Usinyanyuke kunisaidia, hapa nimeshika mwenyewe.

Jambo la mwisho, kuhusu ule msamaha wanaoungoja. Fagio nimelisimamisha nyuma ya mlango wa ofisi yangu. Nimelichungulia asubuhi nilipoingia, na nimelichungulia tena sasa hivi kabla ya kusaini.

Bado halijajifagia.

Mwanao uliyemrithisha ubishi,
Nimu